Maradhi na Ukaribu wa Jamaa: Kuisoma Bembea ya Maisha kutoka Nchi ya Chai

Usomaji uliozoeleka wa Bembea ya Maisha, tamthilia ya Timothy Arege, huanzia kwenye taswira ya anwani yake: maisha ni bembea, hupanda na kushuka, na jamaa iliyoshikana haianguki. Kwa usomaji huo maradhi ya Sara ni mtihani, binti zake watatu ni watahiniwa, na Yona, mume aliyekuwa mlevi na mkali, ni mtu aliyejirudi kabla jua halijatua. Funzo hupatikana upesi, nalo ni kwamba umoja wa jamaa ni nguzo. Hakuna uongo katika maelezo hayo. Kasoro yake ni kuuchukulia ukaribu wa jamaa kama kitu kilichokuwapo tangu awali, kikisubiri tu kuamshwa na ugonjwa. Matini yenyewe inaonyesha ukaribu unaofanyizwa kwa kazi, kwa fedha na kwa magomvi, na kwa gharama ambayo wahusika hawaigawani sawasawa. Makala haya yanashikilia kwamba gharama hiyo ndiyo kiini cha tamthilia, na kwamba huonekana vyema zaidi matini inaposomwa kutoka mahali mahususi. Mahali palipochaguliwa hapa ni nchi ya chai ya Kericho na Bomet.

Uchaguzi huo hauna budi kutetewa. Arege hakuifunga kazi yake katika kabila moja wala katika wilaya moja, na yeyote atakayeidai kuwa ni tamthilia ya Wakipsigis atakuwa ameisingizia. Hata hivyo uhakiki wa fasihi ya Kiswahili nchini Kenya umejizoesha mno kumchukulia msomaji kama mtu asiye na kwao. Bembea ya Maisha imekuwa kitabu teule katika shule za sekondari, na kwa hiyo imefika Litein, Sotik, Longisa na Kapkatet sawa na ilivyofika Mombasa. Msomaji wa huko huingia katika matini akiwa na kumbukumbu zake juu ya mgonjwa, mkwe, pombe na mtoto wa kiume. Kumbukumbu hizo si kizuizi cha usomaji. Ni sehemu ya chombo anachosomea.

Inafaa kwanza kukumbuka mahali tamthilia hii inapokaa katika kazi za mwandishi mwenyewe. Katika Mstahiki Meya, iliyotolewa mwaka 2009, ugonjwa ni jambo la mji mzima. Hospitali ya Cheneo haina dawa, mgonjwa hudaiwa fedha kabla ya kutazamwa, na Daktari Siki anasimama kati ya Meya na wananchi wanaoumia. Huko mgonjwa ni ushahidi dhidi ya utawala. Katika Bembea ya Maisha ugonjwa umehamia nyumbani, na swali la nani ameifilisi hospitali limeachwa nje ya mlango. Wako watakaoona hatua hiyo kuwa ni kurudi nyuma, kutoka siasa hadi faragha, na shutuma hiyo si ya kupuuzwa. Lakini kuhamia nyumbani kumempa Arege fursa ambayo jukwaa la Cheneo halikumpa, yaani kuonyesha kwamba nyumba nayo ni mahali pa utawala, pana bajeti yake na pana watu wanaofanyishwa kazi bila ujira.

Jikoni ndipo penye ushahidi wa wazi kuliko mahali pengine pote. Mwanzoni Sara hawezi kupika, na Dina, jirani na rafiki yake, ndiye anayeshika chungu. Baadaye Yona mwenyewe anampikia mkewe, na marafiki zake Luka na Beni wanaliona jambo hilo kuwa ni aibu na uvunjaji wa mila. Katika usomaji wa kawaida tukio hili huwekwa chini ya kichwa cha mabadiliko ya majukumu ya kijinsia, mwanafunzi huandika hoja moja na kuendelea. Likisomwa kutoka Kericho linapata uzito mwingine. Tangu miaka ya 1920, kampuni kama Brooke Bond na African Highlands zilipoanzisha mashamba makubwa ya chai, maelfu ya wanaume waliajiriwa huko na kuwekwa katika nyumba za laini, wengi wao bila wake zao. Wanaume hao walipika. Walisonga ugali, wakachemsha mboga, wakafua nguo zao, na hakuna aliyewacheka kwa sababu kila mlango wa jirani ulikuwa na mwanamume mwingine afanyaye vivyo hivyo. Waliporudi makwao walikaa kitini na kungoja chakula.

Kwa hiyo mwanamume wa nchi ya chai hajakosa kamwe ujuzi wa kupika, wala mila haikumkataza kupika kila mahali. Kilichokatazwa ni kumpikia mke, nyumbani, mbele ya wenziwe. Hapo kitendo cha Yona kinaacha kuwa cha mzee anayejifunza kazi mpya, kinakuwa cha mtu anayekubali kuonekana. Luka na Beni nao hawabaki kuwa vikaragosi vya ukale. Wana wasiwasi wa maana, kwani wanajua kwamba mmoja wao akikubali kufanya nyumbani alichokifanya ugenini, kisingizio cha wote kimekwisha. Arege ameliandika tukio hili bila kulihubiria sana, na ni mojawapo ya sehemu bora kabisa za tamthilia. Mtoaji wa mchezo atakayelikimbiza ili afike upesi kwenye mazungumzo marefu atakuwa amepoteza mali.

Suala la malazi ya Sara mjini ni tata zaidi. Neema, binti mkubwa, anamleta mama yake mjini kutibiwa, lakini Bunju, mumewe, anashikilia kwamba si desturi mama mkwe kulala katika nyumba ya mkwewe wa kiume. Sara analazimika kulala kwa Asna, binti yake mwingine, ambaye makao yake hayalingani hata kidogo na yale ya dada yake. Miiko kati ya mkwe na mama mkwe haina ugeni kwa Wakipsigis, wala kwa majirani zao Abagusii na Waluo, ambao wengi wao wamefanya kazi katika mashamba ya chai kwa vizazi kadhaa. Msomaji wa Bomet hatamwona Bunju kuwa kioja. Atamwelewa, na kuelewa huko ndiko kutakakomfanya amuulize swali gumu: je, ni heshima au ni uchoyo uliovaa joho la heshima? Miiko ya ukwe iliundwa kwa ajili ya maboma yenye nyumba kadhaa, ambamo mgeni angelazwa kwa shemeji au kwa jirani, hatua chache kutoka kwa bintiye. Katika nyumba ya kupanga mjini mwiko huohuo humtupa mgonjwa ng'ambo ya mji. Desturi imebaki na umbo lake, ila iliyokuwa inamlinda mkwe sasa inamdhuru.

Pana jambo jingine ambalo jiografia ya tamthilia inalificha. Arege ameurithi mpangilio wa muda mrefu wa riwaya na tamthilia ya Kiswahili, ambamo kijiji ni mahali pa kuugua na mji ni mahali pa kupona, au pa kupotea. Mpangilio huo ndio unaozaa mgogoro mzima wa malazi, kwani Sara asingehitaji kitanda cha mtu yeyote lau hospitali ingalikuwa karibu na kwake. Bomet inaukanusha mpangilio huo kwa ushahidi wa macho. Hospitali ya Tenwek, iliyokua kutokana na kazi ya wamisionari wa miaka ya 1930 na kumpata daktari wake wa kwanza wa kudumu mwaka 1959, imekuwa hospitali ya rufaa inayofanya hata upasuaji wa moyo, na wagonjwa huijia kutoka mbali. Kwa jamaa nyingi za huko safari hufuata mkondo wa kinyume. Mwana aliyeko Nairobi ndiye anayepanda gari kurudi nyumbani, ndiye mgeni, ndiye anayetafutiwa mahali pa kulala. Lau Neema angekuwa binti wa Bomet, huenda Bunju ndiye angelazimika kulala katika boma la wakweze akisubiri habari kutoka wodini. Wazo hili si la kuilaumu tamthilia kwa kutokuwa tamthilia nyingine. Linasaidia kuona kwamba uwezo wa Bunju wa kufungua na kufunga mlango hautokani na mila peke yake. Unatokana na mahali hospitali ilipojengwa.

Jina lenyewe la Kericho linakaribisha tafakuri ya namna hii. Neno kerichek katika Kikipsigis lina maana ya dawa, na wapo wanaolihusisha jina la mji na neno hilo. Vyovyote iwavyo asili yake, nchi hiyo imeandikwa sana kama nchi ya maradhi na tiba. Watafiti wa malaria wamezitumia kumbukumbu za hospitali ya mashamba ya chai kueleza milipuko ya ugonjwa huo katika nyanda za juu miaka ya 1990. Kumbukumbu hizo huhesabu waliolazwa. Hazisemi ni nani aliyeketi kando ya kitanda, wala ni nani aliyebaki na watoto. Fasihi ndiyo iliyotazamiwa kulisema hilo, lakini fasihi ya Kiswahili haijalisema kwa kiasi cha kutosha. Kilio cha Haki ya Alamin Mazrui, iliyochapishwa mwaka 1981, ilimpandisha jukwaani Lanina, mwanamke kiongozi wa wafanyakazi wa shamba kubwa, na ikafanya hivyo kwa ujasiri. Pale shamba lipo lakini jiko limepewa nafasi ndogo. Katika Bembea ya Maisha jiko lipo na shamba limefifia. Mtu wa nchi ya chai huishi katika mahali pote pawili kwa wakati mmoja, na huo ni utungo ambao bado unangojewa.

Kufifia kwa shamba kuna athari katika usawiri wa ugonjwa. Chai haingoji. Majani mawili na kichipukizi chake huchumwa kila baada ya siku saba hadi kumi na nne hivi. Mizunguko miwili ikipita bila mchumaji, majani hukomaa na kukataliwa kituoni. Katika mashamba madogo ya wakulima, wale walioingizwa katika kilimo hicho na mamlaka iliyoundwa mwaka 1964 na kujulikana kwa herufi za KTDA, sehemu kubwa ya kazi ya kuchuma iko mikononi mwa wanawake. Mama anapougua, mapato yanaanza kukatika wiki hiyohiyo gharama inapoanza kupanda. Tena malipo makubwa, yale yaitwayo bonasi, huja mara moja kwa mwaka, kwa kawaida kati ya Septemba na Oktoba, na kwa muda mrefu wakulima wa magharibi ya Bonde la Ufa wamelipwa chini ya wenzao wa mashariki. Ugonjwa unaoingia Februari hulipiwa kwa mkopo, kwa mchango wa harambee, au kwa ng'ombe. Kwa mfanyakazi wa shamba la kampuni hali ni nyingine. Huenda akatibiwa katika zahanati ya kampuni, lakini nyumba anamoishi imefungamanishwa na ajira yake, hivyo anayeugua kiasi cha kushindwa kazi anatazama pia uwezekano wa kuhama. Bima ya taifa haijauondoa wasiwasi huo. Mfuko wa NHIF ulipoachia nafasi yake kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii mnamo Oktoba 1, 2024, jamaa nyingi zenye wagonjwa zilijikuta zikiuliza upya maswali zilizodhani zimekwisha kuyajibu.

Ikitazamwa kwa kigezo hiki, bili ya Sara katika tamthilia imekuwa nyepesi mno. Si kwamba fedha hazitajwi. Neema na Bunju wanazozana juu ya mzigo wa kuwasaidia wazazi, na mazungumzo yao yana ukweli mchungu ambao kila mwana aliyeajiriwa anaujua. Lakini tamthilia imempa Sara binti mwenye mshahara, na kwa kumpa huyo imeliokoa swali kuu lisiulizwe kwa ukali unaostahili.

Swali hilo linahusu thamani ya mtoto wa kike. Chimbuko la mateso ya Sara ni kukawia kwake kupata mtoto na, alipojaliwa, kuzaa wasichana watatu bila mvulana. Jamaa na majirani walimsema, Yona akaingia katika ulevi na ukali, na Sara akabeba yote. Tamthilia inazijibu dhuluma hizo kwa kumleta Neema. Msichana aliyedharauliwa ndiye anayelipa, ndiye anayemsafirisha mama, ndiye anayefanya kazi ambayo mwana wa kiume angetarajiwa kuifanya. Jibu hilo hupendwa sana madarasani, nalo lina ubora wake katika nchi ambamo binti bado huondolewa shuleni kwa sababu ndogo. Lakini lina hatari. Linamtetea binti kwa mapato yake. Lau Neema asingesoma, asingeajiriwa, au angeajiriwa kuchuma chai kwa ujira wa kilo, je, wale waliomdharau Sara wangekuwa wamesema kweli? Tamthilia haikukusudia jibu la ndiyo, ila muundo wake unalielekea.

Nchi ya chai ina kumbukumbu inayoweza kulitibua jibu hilo. Wanaethnografia wamelieleza, kwa Wanandi na kwa Wakipsigis, desturi ya mwanamke asiye na mtoto wa kiume kumwoa mwanamke mwingine, ili watoto wa huyo wa pili wahesabiwe kuwa wa nyumba yake na warithi mali yake. Desturi hiyo haifai kupambwa. Yenyewe inakiri kwamba nyumba bila mwana wa kiume ina pengo, na inamtwisha binti wa watu wengine kazi ya kuliziba. Lakini inafanya jambo moja ambalo ulimwengu wa Yona haulifanyi, yaani kuikosa mvulana kunachukuliwa kama tatizo la nyumba lenye utaratibu wake, na mwanamke anapewa cheo cha kulitatua. Mbele ya kumbukumbu hiyo, kisa cha Yona hakiwezi kuelezwa kwa neno mila pekee, kama wanavyofanya Luka na Beni na kama wanavyofanya pia wahakiki wanaowapinga. Kumpiga na kumtusi mke aliyezaa wasichana si mila iliyobaki. Ni kile kilichobaki baada ya utaratibu wa zamani kuvunjika na aibu yake kuachwa bila pa kwenda isipokuwa chupani.

Kutokana na hayo Asna anakuwa mhusika muhimu kuliko anavyohesabiwa. Hana cha kulipa. Anachotoa ni kitanda, katika makao ambayo dada yake angeona haya kumkaribisha mgeni. Anatoa pia ulimi, kwani haoni sababu ya kuufunika ubaguzi wa Bunju kwa maneno ya adabu. Wahakiki huweza kumwona kuwa kijana asiye na subira, lakini yeye ndiye anayeizuia tamthilia isigeuke kuwa hadithi ya mlipaji mwema. Ukaribu wa dada hawa wawili unakua kwa kusutana. Kila mmoja anamwonyesha mwenzake asichokitoa, na mama yao yuko kati, akijaribu kutuliza. Hapo Arege yuko juu ya kazi yake, kwa sababu anajua kwamba watu wanaouguza hawapendani kwa sauti ya upole. Huchoka, huhesabiana, hukumbushana mambo ya utotoni.

Udhaifu unajitokeza pale maneno yanapochukua nafasi ya vitendo. Majuto ya Yona yanazungumzwa kwa ufasaha mkubwa, na Sara anayapokea kwa moyo mpana. Mtazamaji anatakiwa aridhike. Lakini ni nini hasa kilichosamehewa, na kwa idhini ya nani? Sara ni mgonjwa anayemtegemea Yona kwa chakula, dawa na usafiri. Msamaha unaotolewa na mtu aliye katika hali hiyo ni halali, ila hauko huru kama tamthilia inavyotaka tuamini. Binti zake, walioyaona ya utotoni, hawapewi nafasi ya kutosha kusema kama wao nao wamesamehe. Ugonjwa umeiunganisha jamaa, ndiyo, na kwa kufanya hivyo umemrahisishia Yona toba yake. Angekuwa na kazi ngumu zaidi kuomba radhi mbele ya Sara mwenye afya, anayeweza kusimama na kuondoka.

Hukumu hii haikifuti kitendo cha jikoni. Inakipandisha daraja. Yona anayepika anashawishi kuliko Yona anayeungama, kwa sababu chakula ni lazima kipikwe tena kesho, na Luka na Beni watapita tena. Msomaji aliyelelewa karibu na chai hahitaji kuelezwa tofauti iliyopo kati ya kazi ya mara moja na kazi ya mzunguko.

Dina ndiye anayestahili neno la ziada, naye ndiye anayesahauliwa upesi zaidi. Si ndugu wa Sara, hana fungu katika urithi, hana mkwe wa kumzuia. Alipika kabla ya Yona kujirudi na kabla ya Neema kuleta gari. Baadaye jamaa inapokaribiana, tamthilia inamwacha pembeni, kana kwamba jirani alikuwa kibadala cha muda hadi damu ifike. Katika makokwet ya Kericho na Bomet, pale ambapo kokwet ni ujirani wenye wajibu na wala si hesabu ya nyumba tu, mgonjwa huuliza kwanza ni nani atakayemchumia chai yake wiki hii, kabla majani hayajakomaa. Mara nyingi anayeingia shambani na kapu mgongoni, akachuma, akaupeleka mzigo kituoni na kuupimisha kwa nambari ya mgonjwa, ni mtu wa aina ya Dina.